Pampu ya usukani katika magari ya kale ya Kimarekani: anza na boksi, breketi baadaye

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu mafundi, wenye magari na nyote mliofika mchana huu, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie pampu za usukani katika magari ya kale ya Kimarekani, yaani yale ya miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo baadhi yenu mmeyaegesha hapo nje na wengine bado mnayafufua gereji. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: nifunge pampu gani? Na anayeuliza, karibu kila mara, huwa ameshika breketi mkononi, anatafuta pampu itakayoingia katika matundu ya breketi ile. Mimi humwuliza kwanza gari lake lina boksi gani la usukani, yaani kile kisanduku cha gia kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi za mbele. Pampu inafanya kazi kwa ajili ya boksi, na breketi ipo kwa ajili ya pampu. Anayeanza na breketi ameishika kazi kwa mkiani, na mara nyingi atamaliza na gari linalogeuka, ndiyo, lakini linalopiga kelele, linalovuja, au lenye usukani mwepesi kupita kiasi barabarani. Ningependa tutumie muda wetu kuliona jambo hilo kwa undani.

Historia nitaipita haraka, ila ndani yake kuna kitu kimoja ambacho fundi hawezi kukiruka. Mhandisi Francis W. Davis alifanya kazi katika kitengo cha malori cha kampuni ya Pierce-Arrow, mahali ambapo tabu ya kukata kona na lori zito ilikuwa ikionekana kila siku. Aliacha kazi hiyo, akafungua karakana yake Waltham katika jimbo la Massachusetts, na kufikia mwaka 1926 alikuwa akiendesha gari la Pierce-Arrow lenye usukani unaosaidiwa na mafuta. Kiini cha kazi yake kilikuwa vali iliyo wazi katikati. Gari linapokwenda moja kwa moja, mafuta hutoka kwenye pampu, hupita kwenye vali bila kizuizi, hurudi tangini, na pampu haina mzigo wa maana. Dereva anapogeuza usukani, vali hubana njia ya upande mmoja, mgandamizo hupanda, na pistoni husukumwa kuelekea anakotaka yeye. Mfumo karibu wote tutakaoutaja leo umejengwa juu ya wazo hilo.

General Motors walishirikiana na Davis kwa muda, kisha mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukawafanya waone gharama haibebeki, na usukani huo ukaenda kujithibitisha katika magari mazito ya kijeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Gari la abiria lililoutangulia sokoni ni Chrysler Imperial ya 1951, ambapo uliitwa Hydraguide na ulitumia mawazo ya Davis ambayo muda wa hataza zake ulikuwa umekwisha. Mwaka uliofuata General Motors waliweka wa kwao, uliotoka kwenye kitengo chao cha Saginaw huko Michigan, katika Cadillac, Buick na Oldsmobile, na mwaka 1953 ukafika hadi Chevrolet, gari la mtu wa kipato cha kawaida. Haukuwa mchezo wa anasa tu. Injini za V8 zilikuwa zimeongeza uzito juu ya ekseli ya mbele, tairi zilikuwa pana na zenye upepo mdogo ili gari liende kwa ulaini, na kampuni zilikuwa zimeupa usukani mizunguko mingi ili mtu aweze kuugeuza bila kuvunjika mabega. Msaada wa mafuta uliruhusu mizunguko hiyo ipunguzwe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, likieleweka, nusu ya makosa ya gereji yanakwisha. Kazi ya pampu ni kusukuma mafuta yatiririke, na mgandamizo huzaliwa pale mtiririko huo unapokutana na kizuizi. Ni sawa na mpira wa kumwagilia bustani: maji yanatoka taratibu, lakini ukiziba mdomo kwa kidole gumba yanaruka hadi kwa jirani, wala bomba halijabadilika. Kwa hiyo pampu ya usukani ina tarakimu mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Ya kwanza ni kiasi cha mafuta inachotoa kwa dakika, na hicho ndicho kinachoamua iwapo msaada utaufuata mkono wa dereva anapogeuza haraka. Ya pili ni kikomo cha mgandamizo, ambacho mgandamizo ukikifikia vali ya usalama hufunguka, na hicho ndicho kinachoamua iwapo boksi litakuwa na nguvu za kugeuza tairi gari likiwa limesimama. Usukani unaokuwa mzito unapouzungusha kwa haraka, kisha ukarudi kuwa mwepesi ukiuzungusha polepole, unalia njaa ya mtiririko. Usukani mzito wakati wote, hasa wakati wa kuegesha, una shida ya mgandamizo. Ni tofauti ndogo ya maneno, lakini ndiyo inayotofautisha fundi anayenunua pampu mpya na yule anayekaza mkanda tu.

Mezani hapa nimeleta pampu ya Saginaw, aina ile ya tangi la bati lenye umbo la tone, ambayo General Motors waliifunga katika mamilioni ya magari na ambayo wengi wenu mnaifahamu kwa sura hata kama hamjawahi kuifungua. Tazameni jinsi ilivyoundwa. Bati hili la nje limeufunika mwili wa pampu mzima, na limeshikwa nyuma kwa bolti mbili za kusimama pamoja na kiungo kile kinachopokea hozi ya mgandamizo, kila kimoja kikiwa na O-ringi yake. Mtu akiona mafuta yanachuruzika nyuma ya pampu, asikimbilie kusema shafti imekwisha. Aanze na O-ringi hizi, kwa maana ni za bei ya soda na ndizo zinazokauka mapema. Ndani kuna rota yenye mifereji kumi, na katika kila mfereji kimekaa kibamba chembamba cha chuma. Rota ikizunguka, vibamba hutupwa nje vikagusa pete inayovizunguka, na pete hiyo ndani yake si duara kamili, imechongwa kwa umbo la yai. Kwa sababu hiyo kila kibamba hufyonza mara mbili na kusukuma mara mbili katika mzunguko mmoja, na mikandamizo ya pande mbili zinazokabiliana husawazishana, ndiyo maana shafti haisukumwi upande mmoja na pampu hizi huishi miaka mingi.

Kibamba chenyewe kina ncha moja iliyoviringwa na nyingine iliyo bapa. Ncha iliyoviringwa ndiyo inayokaa nje, ikigusa pete. Nimeona pampu zilizotoka kufanyiwa matengenezo zikiwa na vibamba viwili au vitatu vimegeuzwa, na mwenye gari amekaa akimlaumu muuza mafuta kwa kelele alizokuwa akizisikia.

Nyuma ya kiungo cha hozi, kikiwa kimesukumwa na springi, kuna kipande ninachokipenda kuliko vyote katika pampu hii: vali ya kudhibiti mtiririko. Injini ikiwa katika mwendo wa juu, pampu hutoa mafuta mengi mno kuliko boksi linavyohitaji, na vali hii hufunguka ikarudisha ziada upande wa kufyonza, ndani kwa ndani, bila kuyapeleka mafuta hayo safari ya bure. Ndani ya vali hiyo hiyo kuna kigololi na springi ndogo, nayo ndiyo vali ya usalama inayoweka kikomo cha mgandamizo. Katika magari ya abiria ya General Motors ya enzi hizo kikomo hicho kilikuwa, kwa kawaida, karibu na psi 1,000, yaani paundi 1,000 kwa kila inchi ya mraba, na zaidi ya hapo kwa magari mazito. Vali nzima inatakiwa iteleze katika shimo lake kwa uzito wake wenyewe. Ikikwama kwa uchafu au mkwaruzo, usukani utakuwa mwepesi leo na mzito kesho, na hakuna kiasi cha mafuta mapya kitakachoutibu.

Nimelisema hili la vali kwa urefu kwa sababu linatupeleka moja kwa moja kwenye kosa ambalo kwa sasa ndilo lililoenea zaidi. Watu wengi wanang'oa sehemu ya mbele ya gari la zamani na kuweka reki ya usukani, yaani fimbo yenye meno inayochukua nafasi ya boksi, ya mtindo wa Ford Mustang II, gari lililouzwa kuanzia mwaka wa modeli 1974 hadi 1978, kwa sababu reki hiyo ni ndogo, inaacha nafasi ya kutosha kwa injini, na vipuri vyake vinapatikana kila kona. Kisha, kwa kuwa injini ni ya Chevrolet na breketi ni ya Chevrolet, wanafunga pampu ya Saginaw. Pampu hiyo ilipangwa ilishe boksi kubwa la General Motors. Reki ya Mustang II iliundwa kwa mtiririko na mgandamizo mdogo zaidi. Matokeo yake dereva akigusa usukani katika barabara kuu, gari linaruka upande kama limeshtuliwa, na sili za reki zinaanza kuvuja kabla ya mwaka kuisha. Mwenye gari anaambiwa reki ni mbovu, anabadilisha reki, na ya pili nayo inavuja.

Dawa ipo na si ghali. Kwanza, kiungo cha hozi ya mgandamizo kinaweza kubadilishwa kuweka chenye tundu dogo, ili mtiririko upungue. Pili, kikomo cha mgandamizo kinaweza kushushwa kwa kuongeza wosha nyembamba chini ya kiti cha kigololi katika ile vali niliyowaonyesha, jambo linaloilegeza springi yake. Ushauri wangu ni kuanza na mtiririko, kwa sababu wepesi wa kupindukia barabarani mara nyingi unatoka huko, kisha kupima mgandamizo kwa geji kabla ya kugusa wosha hata moja. Wapo wanaoongeza wosha kwa kukisia, wakajikuta na gari lisilogeuka wakati wa kuegesha. Geji inayofungwa kati ya pampu na hozi si kifaa cha anasa. Gereji inayogusa usukani bila kuwa nayo inafanya kazi gizani.

Niruhusuni sasa nirudi nyuma kwenye magari ya Chevrolet ya 1955, 1956 na 1957, kwa sababu mpangilio wake ni wa pekee na ndiyo magari yenye wapenzi wengi zaidi katika ukumbi huu. Katika magari hayo pampu haikuwa na mkanda wake wala breketi yake. Ilifungwa nyuma ya dainamo, na shafti ya dainamo ndiyo iliyoizungusha kupitia kiunganishi kidogo kilichokaa kati yao. Kwa wahandisi wa wakati ule lilikuwa jibu la busara: mkanda mmoja, puli moja, na hakuna haja ya kutafuta nafasi nyingine mbele ya injini. Kwa mrejeshaji wa leo lina mambo matatu ya kuangaliwa. Uzito wa pampu na mafuta yake unaning'inia nyuma ya dainamo, kwa hiyo beringi ya nyuma ikianza kulegea, pampu nayo inatikisika na sili yake inapasuka. Kiunganishi kinalika, na kikilika usukani unakuwa mzito ghafla huku mkanda ukiwa mzima na unazunguka vizuri, jambo ambalo limewachanganya mafundi wazuri. La tatu ndilo zito: mwenye gari akichoka na taa hafifu akaamua kutoa dainamo na kuweka altaneta, pampu yake imepoteza mahali pa kukaa na kitu cha kuizungusha.

Hapo ndipo mtu analazimika kuamua anataka gari la namna gani. Anayetaka gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani abaki na dainamo, aitengeneze vizuri, na akubali mwanga wake. Anayetaka kuendesha gari kila siku aweke altaneta na pampu ya baadaye yenye breketi na mkanda wake, akijua kwamba thamani ya gari kwa waamuzi wa mashindano itashuka. Mimi binafsi sioni aibu katika uamuzi wa pili. Ninachokikataa ni ule wa katikati, wa kuunga altaneta na pampu ya zamani kwa vipande vya kuchomelea, ambao haumridhishi mwamuzi wala dereva.

Altaneta zilipoingia kwa wingi katika miaka ya 1960, pampu ikapata breketi yake, na kuanzia hapo tatizo likawa la mistari ya puli. Injini ndogo ya V8 ya Chevrolet ndiyo inayowakwamisha wengi. Hadi magari ya 1968, nyingi ya injini hizo zilikuwa na wotapampu, yaani pampu ya maji, fupi, na altaneta ilikaa upande wa dereva. Kuanzia 1969 magari mengi ya abiria yalipewa wotapampu ndefu, na altaneta ikahamia upande wa abiria. Matundu katika vichwa vya silinda nayo yalibadilika. Kwa hiyo breketi ya pampu ya 1967 na puli ya krenki ya 1970 zinaweza kufungwa kwenye injini moja, bolti zote zikaingia, na bado mkanda ukatembea kwa mshazari. Mkanda wa mshazari hulia, hutupa vumbi jeusi, hula ukingo wa puli, na siku ya mvua huruka. Kabla ya kununua chochote, amua kama injini yako ni ya wotapampu fupi au ndefu, kisha puli ya krenki, puli ya maji, puli ya pampu na breketi vyote vitoke katika familia hiyo moja.

Kuna na mambo madogo ya puli ambayo nitayataja kwa mkupuo. Pampu za Saginaw za mwanzo zilikuwa na shafti yenye kabari na nati, na za baadaye puli yake inasukumwa kwa nguvu juu ya shafti laini. Hii ya pili ina kifaa chake cha kuitoa na kifaa chake cha kuirudisha, na anayeirudisha kwa nyundo anapiga moja kwa moja vile vibamba na pete mlivyoviona mezani. Mkanda wa V unatakiwa ushike kuta za mfereji. Ukikuta unang'aa chini kwa kugusa sakafu ya puli, mkanda ni mwembamba au puli imekwisha, na kukaza zaidi hakutasaidia. Na wakati wa kukaza, msiweke mtaimbo juu ya tangi la bati. Lile bati ni jembamba, hujikunja kidogo tu, na mwezi ujao mnalalamika kuhusu uvujaji ambao mliutengeneza wenyewe.

Ford na Chrysler nitawagusa kwa ufupi, kwa kuwa kanuni ni ile ile. Ford Mustang ya 1965 iliwahi kuja na pampu ya Eaton, kisha Ford wakahamia pampu yao wenyewe, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wakaleta ile yenye tangi la plastiki, ambayo mlio wake unajulikana na kila aliyeimiliki. Breketi za gari lenye kiyoyozi na lisilo na kiyoyozi ni tofauti, hata kama injini ni ile ile, na hilo limewapotezea watu fedha nyingi katika ununuzi wa vipuri vya mitumba. Chrysler walitumia pampu za watengenezaji watatu, Federal, TRW na Saginaw, wakati mwingine katika modeli za mwaka mmoja, na breketi zake hazikubaliani. Kwa hiyo aliye na gari la Chrysler anunue pampu na breketi yake pamoja, kutoka kwenye gari moja, au asinunue.

Jambo ambalo ningependa tulikalie kidogo ni magari ambayo boksi lake si la mafuta hata kidogo. Mustang hadi ya 1970, Chevy II ya miaka ya 1960, na Corvette kuanzia 1963 hadi 1982, zilipoagizwa na usukani wa kusaidiwa, zilikuwa na boksi la kawaida la mkono. Msaada ulitoka nje: vali imefungwa kwenye fimbo inayounganisha magurudumu, na silinda ya mafuta imefungwa upande mmoja kwenye fremu na upande mwingine kwenye fimbo hiyo. Hozi ni nne, mbili kati ya pampu na vali, mbili kati ya vali na silinda, na zote zinacheza chini ya gari penye vumbi, maji na mawe. Ndiyo maana magari hayo yana sifa mbaya ya kuvuja, na ndiyo maana watu wengi huilaumu pampu ambayo haina kosa.

Katika mpangilio huo kuna kazi moja ambayo fundi asiyeijua anaweza kumwumiza mtu, nayo ni kuweka vali katikati. Dalili yake ni usukani mwepesi ukikata kushoto na mzito ukikata kulia, au kinyume chake, na katika hali mbaya zaidi usukani unageuka wenyewe injini inapowaka. Katika Corvette na Chevy II kazi hufanywa hivi. Gari huinuliwa na kuwekwa juu ya stendi, wala si juu ya jeki peke yake. Fimbo ya silinda hufunguliwa kutoka kwenye fremu ikabaki huru. Kisha injini huwashwa. Fimbo ikitoka nje yenyewe au ikijirudisha ndani yenyewe, vali haiko katikati. Huondolewa kifuniko kidogo cha vumbi kwenye ncha ya vali, na nati iliyo ndani yake huzungushwa kidogo kidogo hadi fimbo ianze kurudi, halafu hurudishwa hadi ianze kutoka, na mahali pa katikati ya pointi hizo mbili ndipo panapotakiwa. Fimbo inapotulia, hata ukiisukuma kwa mkono ikaenda kwa urahisi sawa pande zote, hufungwa tena. Mikono isikae kati ya fimbo na fremu wakati injini inawaka, kwa sababu silinda ile inasukuma kwa nguvu za kugeuza gari zima.

Kwa wenzetu mnaosafirisha magari haya kuyapeleka Kenya au Tanzania na kuhamishia usukani kulia, neno moja tu: katika injini nyingi pampu itabaki kushoto wakati boksi limekwenda kulia, kwa hiyo hozi zote mbili zitavuka mbele ya injini. Zipitisheni kando ya fremu kwa bomba la chuma lililoshikwa kwa klipu, mbali na feni na mbali na manifoldi ya ekzosti.

Na hozi ni jambo la hatari kuliko wengi wanavyodhani. Ya kurudisha mafuta ina mgandamizo mdogo, klipu ya kawaida inaitosha. Ya mgandamizo inatakiwa iwe na ncha zilizobanwa kwa mashine, na hakuna klipu ya hozi ya rejeta itakayoishika kwa psi 1,000. Ikichomoka, mafuta hurushwa juu ya manifoldi yenye joto, na moto wa namna hiyo hauna subira. Angalieni pia thredi na umbo la kiungo: pampu za zamani za General Motors zilitumia kiungo cha flea, yaani cha bomba lenye mdomo uliopanuliwa, chenye thredi za inchi, na kuelekea miaka ya 1980 wakahamia thredi za metriki na O-ringi. Viungo hivyo viwili vinaweza kushikana kwa mizunguko miwili ya kwanza, ya kutosha kumdanganya mtu mwenye haraka.

Kuhusu mafuta yenyewe, vitabu vya magari ya miaka ya 1950 mara nyingi vilielekeza mafuta ya giaboksi ya otomatiki ya Aina A, na Ford kwa miaka mingi walitaka Aina F. Baadaye yakaja mafuta maalumu ya usukani. Chagua moja linalokubaliwa na sili ulizoweka na ukae nalo. Pampu mpya isifungwe kwenye mfumo wenye mafuta ya zamani yaliyojaa unga wa chuma, kwa sababu unga huo utaikuta vali ya mtiririko wiki ya kwanza.

Nimalizie na siku ya kuwasha. Jazeni tangi, mliache litulie dakika kadhaa, inueni magurudumu ya mbele, na injini ikiwa imezimwa zungusheni usukani kutoka mwisho hadi mwisho, polepole, mara nyingi, mkiongeza mafuta kila yanaposhuka, hadi viputo viache kutoka. Hapo ndipo injini iwashwe, na katika kuzungusha msibane usukani mwisho wake kwa zaidi ya sekunde chache, kwa sababu hapo vali ya usalama imefunguka na mafuta yanachemka ndani ya pampu. Mafuta yakigeuka kuwa na povu la rangi ya maziwa, zimeni injini, subirini povu lishuke, na rudieni kwa mkono. Pampu inayosukuma povu inajila yenyewe. Kama baada ya hapo bado inaguna, kagueni hozi ya kurudisha na O-ringi za tangi kabla ya kurudi dukani, kwa sababu hewa inaingia mahali.

Pampu ya mezani iko wazi, na geji ninayo pembeni. Mwenye gari hapo nje analotaka lipimwe alilete mbele, nami nitapokea maswali tukiwa tunapima. Asanteni kwa kunisikiliza.